Kadibodi na gundi tele, ila hesabu iko wapi?

MNAMO Aprili 2025, Waziri wa Elimu, Bw Julius Ogamba, alitangaza kwamba Hisabati ingekuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu. Awali ilikuwa imepangwa kwamba somo hilo liwe la lazima kwa wale tu ambao wangechagua mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi. Wadau wakapaza sauti, serikali ikalegeza kamba.

Kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliingia darasani Januari 2026 chini ya uamuzi huo. Walio katika mkondo wa sayansi wanasoma Hisabati ya kina, huku wenzao wa sayansi za jamii na wale wa sanaa na michezo wakisoma iliyo nyepesi zaidi. Hakuna anayelikwepa somo lenyewe.

Ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, kulilazimisha somo katika Gredi ya 10 ni sawa na kuezeka nyumba ambayo kuta zake hazijakaguliwa. Mtoto hulipenda au kulichukia somo hili mapema zaidi, akiwa katika sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7, 8 na 9. Na katika miaka hiyo mitatu hakuna dhana inayoamua mengi kuliko uwiano. Asiyeelewa kwamba 1 kwa 300 ni amri inayotawala kila upande wa kitu kinachochorwa, atatatizika katika asilimia, katika ramani, katika mwendo na hatimaye katika trigonometria.

Dhana hiyo ndiyo inayofundishwa, au inayostahili kufundishwa, pale wanafunzi wanapoagizwa kuunda modeli za majengo na mandhari mashuhuri. Zoezi hilo limeshamiri nchini tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa. Utaliona jumba la KICC la kadibodi, ngome ya Fort Jesus ya udongo wa mfinyanzi, na Mlima Kenya wa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga wa ngano.

Swali ninalotaka tulichambue ni hili: je, ndani ya vitu hivyo mna hesabu, au mna gundi tu?

Tulitazame tukiwa Manga. Hili ni jina la kaunti ndogo katika Kaunti ya Nyamira, na pia ni jina la safu ya vilima iliyo mpakani mwa Nyamira na Kisii. Ukisimama juu ya safu hiyo, mji wa Kisii unauona chini yako, na anga ikiwa safi, Ziwa Victoria humeta kwa mbali upande wa magharibi. Mtoto wa Manga hana uhaba wa kitu mashuhuri cha kupima. Anakiona kila anapochungulia mlangoni. Lakini akiagizwa kuunda modeli, yumkini atakimbilia KICC, jumba ambalo pengine hajawahi kulitia machoni isipokuwa kwenye picha ya kitabu au noti ya benki.

Hata KICC, hata hivyo, ina hesabu tele kwa anayeitafuta. Jumba hilo lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na Mkenya David Mutiso, na kufunguliwa mwaka wa 1973, lina kimo cha mita 105 na orofa 28. Mwalimu akichagua skeli ya 1:300, wanafunzi watageuza mita 105 kuwa sentimita 10,500, wagawe kwa 300, wapate sentimita 35. Kwa wastani kila orofa itachukua sentimita 1.25. Wakipiga mistari 28 kwa nafasi hiyo watafika kileleni barabara, na wasipofika, watajua wamekosea wapi kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Sasa mtazame mtoto anayetaka kulirembesha jengo lake. Analitwaa gari la kuchezea lenye urefu wa sentimita 7, analiegesha mbele ya lango. Kwa skeli ya 1:300, gari hilo lina urefu wa mita 21, yaani karibu mara mbili ya basi kubwa la abiria. Halafu anamsimamisha askari wa plastiki mwenye kimo cha sentimita 5. Huyo ni jitu la mita 15. Mtu wa kawaida mwenye kimo cha mita 1.7, katika modeli hiyo, hapaswi kuzidi milimita 6 hivi, takriban urefu wa punje ya mchele.

Mwanafunzi akiulizwa swali hilo moja tu, "gari lako lina urefu gani kwa kweli?", amefundishwa uwiano. Asipoulizwa, amefundishwa kupamba.

Na mara nyingi haulizwi. Sababu ni kwamba modeli, katika mazoea yetu, huja shuleni ikiwa imekamilika. Mwalimu hutoa agizo siku ya Ijumaa, na Jumatatu kadibodi hupangwa dirishani. Kilichotokea baina ya siku hizo mbili hakuna anayekijua isipokuwa walio nyumbani: baba aliyeshika kisu, dada wa chuo kikuu aliyechora, au jirani fundi aliyelipwa kidogo. Malalamiko ya wazazi kwamba wao ndio wanafunzi halisi wa mtaala huu yamesikika tangu ulipoanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, wala si uzushi.

Mfumo wa alama nao umechochea hali hiyo. Kwa mujibu wa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, matokeo ya mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 hutokana na sehemu tatu: asilimia 60 ni mtihani wa mwisho, KJSEA, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 20 iliyosalia ni tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA. Si kila kazi ya mikono huingia katika hesabu hiyo. Lakini mzazi hana njia ya kujua ipi inaingia na ipi haiingii, hivyo huona heri kila kitu kitoke nyumbani kikiwa maridadi.

Matokeo yake ni dhuluma mara mbili. Mtoto wa mwenye nacho hupata alama za kazi asiyoifanya. Mtoto wa mchuma majani chai, ambaye modeli yake imepinda kwa sababu aliikata mwenyewe kwa wembe, huchekwa, ilhali pengine ndiye pekee darasani aliyepima.

Wapo watakaodhani kwamba kufundisha hesabu kwa vitu vinavyoshikika ni jambo geni lililoletwa na mtaala wa umilisi. Sivyo. Mwaka wa 1998 Serikali ya Kenya na shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, zilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika shule za upili, uliojulikana kwa ufupisho wa SMASSE. Ulijaribiwa kwanza katika wilaya tisa, na mbili kati ya hizo, Kisii ya Kati na Gucha, zilikuwa papa hapa Gusii. Mnamo 2003 mradi ukapanuliwa kufikia nchi nzima, na awamu hiyo ikakamilika 2008. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, ambacho kingali kinawanoa walimu, ni tunda lake.

Mradi huo ulisimama juu ya nguzo nne: shughuli badala ya maelezo matupu, mwanafunzi badala ya mwalimu, majaribio madogo badala ya makubwa yanayohitaji maabara, na ubunifu wa vifaa kutokana na vilivyopo. Mwalimu alitakiwa apange, atende, atazame kilichotokea, kisha aboreshe.

Ni hilo neno "atazame" ambalo limetuponyoka. Tumebaki na vifaa vya kubuni, tukasahau kutazama kama vimefundisha chochote. Ndiyo maana nasema tatizo la modeli za leo halihusiani na uhaba wa ubunifu. Vijana wetu wana ubunifu wa kupindukia. Kinachokosekana ni rula, na mtu wa kuuliza kwa nini.

Laiti ningekuwa na mamlaka, ningepiga marufuku rangi. Jengo la kadibodi lisilopakwa rangi halina pa kuficha kosa lake.

Turudi Manga, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapopendeza. Kabla ya kufikiria majumba ya Nairobi, mwalimu ana nyumba ya msonge. Ni jengo la mababu, wazee wanaolikumbuka wangalipo, na maumbo yake mawili, silinda na koni, ndiyo yanayowatesa watoto vitabuni. Chukua msonge ambao paa lake lina nusu kipenyo cha mita 3 na urefu wa mshazari, kutoka ncha hadi ukingoni, wa mita 5. Kwa skeli ya 1:25, vipimo hivyo vinakuwa sentimita 12 na sentimita 20.

Paa hilo hulikati kwa kubahatisha. Mwanafunzi huchora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20, kisha hujiuliza aondoe kipande kikubwa kiasi gani ili kinachobaki kikikunjwa kitoe koni yenye nusu kipenyo cha sentimita 12. Uwiano wa 12 kwa 20 ni sehemu 3 kwa 5 za duara, yaani nyuzi 216. Anaondoa nyuzi 144, anaunganisha kingo, na paa linasimama. Akikosea sana, linakuwa bapa kama sinia au linachongoka kama kofia ya mchawi, na kosa analiona kwa macho.

Kisha mwalimu anauliza paa hilo lina kimo gani. Ndani ya koni mna pembetatu mraba ya 12 na 20, kwa hiyo upande wa tatu ni 16. Kwa vipimo halisi ni mita 3, 4 na 5. Kila fundi wa mjengo kutoka Keroka hadi Suneka anaijua pembetatu hiyo, kwa kuwa ndiyo anayoitumia kuhakikisha kona ya msingi iko mraba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kamba ya futi 5 ikutane katikati. Haiiti kwa jina la Pythagoras, na hana haja.

Marehemu Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Msumbiji kwa miongo mingi hadi kifo chake mwaka wa 2014, aliyatumia maisha yake kuonyesha hesabu ya namna hiyo iliyojificha katika kazi za mikono. Aliandika jinsi wajenzi wa vijijini nchini humo wanavyopata msingi wa nyumba ulio mraba kwa kamba mbili za urefu sawa zilizofungwa pamoja katikati. Ncha zote nne zikivutwa hadi kamba zikakaza, zinatoa mstatili, kwa sababu ni mstatili pekee wenye mishazari iliyo sawa na inayokatana katikati. Gerdes hakuchukulia ujuzi huo kama kichekesho cha kijijini. Aliuingiza katika mafunzo ya walimu.

Gusii nayo ina walimu wa namna hiyo ambao hawajawahi kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Nenda Tabaka, Mugirango Kusini, wanakochongwa vinyago vya yale mawe laini yanayouzwa kote duniani. Kiboko wa jiwe mwenye kimo cha sentimita 10 akiwa na uzani wa gramu 400, kiboko wa umbo lilo hilo na jiwe lilo hilo mwenye kimo cha sentimita 20 atakuwa na uzani gani? Mtoto wa shule atajibu gramu 800. Anayebeba mzigo hadi barabarani hawezi kujibu hivyo: mgongo wake unajua kuwa ni kilo 3.2. Kimo kimezidishwa kwa 2, lakini urefu na upana navyo vimezidishwa kwa 2, hivyo ujazo umeongezeka mara 8.

Hapa ndipo wengi hujikwaa katika mada ya maumbo yanayofanana na ukuzaji. KICC ya 1:300 ina kuta zenye eneo dogo mara 90,000 kuliko jumba lenyewe, na ujazo mdogo mara 27,000,000. Tarakimu hizo, zikiandikwa ubaoni pekee, ni kelele. Vinyago viwili vya Tabaka na mizani ya duka vingeziweka mahali pake kwa dakika kumi.

Lakini modeli ambayo ningependa kuiona katika kila shule ya pande hizi ni ya vilima vya Manga vyenyewe. Ramani za Idara ya Upimaji za 1:50,000, zile ambazo vizazi vya wanafunzi wa Jiografia vimezisoma, zina mistari ya kontua ya kila mita 20. Kata kipande cha kilomita 2 kwa kilomita 2. Ramanini ni mraba wa sentimita 4 tu. Sasa kikuze mara 10 kwa kuchora miraba midogo na kuhamisha mistari mraba kwa mraba. Umepata skeli ya 1:5,000 na ubao wa sentimita 40 kwa 40. Urefu umeongezeka mara 10, nalo eneo mara 100. Hayo watoto wameyaona kabla hawajakata chochote.

Katika skeli hiyo, mita 20 za mlima ni milimita 4. Katoni za madukani zina unene unaokaribia huo, lakini haifai kukisia. Unene wa kadibodi moja haupimiki vyema kwa rula, basi wanafunzi wapange vipande 10, wapime rundo, wagawe kwa 10. Wakipata milimita 4, kila tabaka ni kontua moja, na mwinuko wa mita 300 unahitaji matabaka 15, yaani sentimita 6. Wakipata milimita 3, wana uamuzi wa kufanya: ama wabadilishe skeli yote, au wakubali kwamba skeli ya wima si sawa na ya ulalo, na waandike hivyo wazi pembeni mwa modeli.

Uamuzi huo ni somo zito kuliko modeli yenyewe. Sehemu kubwa ya modeli za milima huwa zimekuzwa wima, la sivyo milima ingeonekana kama chapati. Ukitumia 1:50,000 kwa pande zote, mwinuko wa mita 300 unakuwa milimita 6, na hakuna mtoto wa Manga atakayekubali kwamba hicho ndicho kilima kilichomtoa jasho. Lakini ukikuza wima mara 2, mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 2 za ulalo, ambao ni nyuzi 27 hivi, unageuka nyuzi 45. Si nyuzi 54, kama wengi watakavyodhani. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anayeanza trigonometria akilitafakari hilo kwa wiki moja, atakuwa amelipata jambo ambalo watu wazima wanaosoma michoro ya barabara hulikosa.

Vipimo vya majengo yaliyo karibu navyo havihitaji kitabu. Manga iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na jua lake ni chombo cha bure. Asubuhi, muda mfupi kabla ya saa nne, hufika wakati ambapo kivuli cha kijiti cha mita 1 kina urefu wa mita 1 kamili. Wakati huo, kivuli cha mlingoti wa bendera, cha tangi la maji na cha mnara wa kanisa vyote vina urefu sawa na vitu vyenyewe. Wanafunzi wakikosa dakika hiyo, uwiano wa kivuli kwa kijiti utawapa jibu vilevile. Afadhali waifanye kazi hiyo asubuhi, kwani anayeijua Gusii anajua mvua ya alasiri haimsubiri mtu, wala haina huruma na kadibodi.

Wapo watakaoniuliza muda utatoka wapi. Ni swali la haki. Hisabati katika sekondari ya msingi ina vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja cha dakika 40. Ndani ya dakika hizo 200 mwalimu hawezi kupima, kukokotoa, kukata na kubandika, hasa akiwa na darasa la wanafunzi 60. Jawabu ni kwamba kukata na kubandika si kazi ya Hisabati. Wanafunzi hao hao wana somo la ufundi wa awali na somo la sanaa na michezo, na Gredi ya 8 ina mada za michoro ya skeli na maumbo ya kawaida zinazoweza kupangwa zikutane na vipindi hivyo. Walimu watatu wakikaa mezani mwanzoni mwa muhula, modeli moja itatumikia masomo matatu, na mzazi hatanunua karatasi za manila mara tatu.

Tatizo gumu zaidi ni la walimu wenyewe. Sekondari ya msingi ilianzishwa Januari 2023 ndani ya shule za msingi, na kwa sehemu kubwa ilibebwa na walimu wanagenzi waliolipwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi. Mnamo Mei 2024 waligoma. Wanagenzi wapatao 46,000 walipewa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025, lakini wengine wapya wakaletwa kwa masharti yale yale. Mwalimu mmoja hufundisha masomo ambayo hakuyasomea chuoni. Ukimwambia mwalimu wa Historia aliyekabidhiwa Hisabati aanzishe mjadala kuhusu ujazo na kipeo cha tatu, usishangae akikimbilia gundi. Gundi haimuumbui.

Kwa hiyo sitawalaumu walimu kwa modeli zisizo na hesabu. Ningelaumu mafunzo yanayowapa orodha ya shughuli bila kuwapa maswali ya kuuliza wakati shughuli inaendelea. Hapo ndipo CEMASTEA na TSC zina kazi.

Fedha nazo si kikwazo kikubwa kama inavyodaiwa. Serikali imeweka mgao wa Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya msingi kwa mwaka, ingawa shule hulalamika kwamba pesa huchelewa au hufika nusunusu. Modeli ya vilima vya Manga inahitaji katoni kuukuu, rula, uzi, penseli na ramani moja kwa shule nzima. Kaunti za Nyamira na Kisii hazina mamlaka juu ya sekondari ya msingi, kwani Katiba ya 2010 iliziachia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hata hivyo, vyuo hivyo vina misumeno, bikari na wakufunzi wa useremala walio umbali wa kutembea kutoka shule nyingi. Sijaona sheria inayowazuia kuazimana.

Kuna pingamizi moja ambalo halijibiki kwa urahisi. Mtihani wa Gredi ya 9 hufanywa kwa karatasi na kalamu, na asilimia 60 ya matokeo imo humo. Mzazi anayesema mwanawe afanye maswali 40 ya uwiano badala ya kukata kadibodi juma zima, ana hoja. Kukata hakumfundishi mtoto kuandika hatua za hesabu. Wanafunzi walioshika vitu na kuachwa hapo hapo, bila kurejeshwa kwenye namba na alama, hubaki na kumbukumbu tamu ya siku ya gundi na si zaidi. Ndiyo maana daftari lazima litangulie. Kabla ya kadibodi kuguswa, kila kundi lionyeshe vipimo halisi, skeli iliyochaguliwa na sababu yake, kila kipimo kilichokokotolewa, na eneo la kadibodi itakayohitajika. Maswali 40 ya mzazi yamo humo humo.

Namna ya kutoa alama itaamua kama hilo litafanyika. Mathalani, kazi ikiwa na alama 20, daftari la hesabu lipewe 12. Kisha kundi jingine lije na rula, lipime sehemu tano za modeli lisiyoiunda, ligeuze vipimo kuwa vya halisi na kuandika vimepotoka kwa asilimia ngapi. Hapo zitolewe alama 5, nazo ziwaendee wapimaji. Tatu za mwisho ziwe za kundi lililounda, kwa kueleza upotovu huo ulitokea wapi: katika kupima, katika kugawa, au kisu kilipoteleza. Kazi yote ifanyiwe darasani, na modeli isivuke lango la shule kwenda nyumbani hadi alama zitakapokuwa zimeandikwa.